Maisha ya Idi Amin, Bondia wa Koboko

Mwalimu anayetunza kurasa hizi za Kiswahili aliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Najua kwamba wengi wenu, hasa wanafunzi wa zamani wenzangu, mtashangaa kuona jina nililolichagua. Kwa desturi gazeti la shule huandika habari za watu wa kuigwa, na Idi Amin hakuwa mtu wa kuigwa. Lakini ninayo sababu, nayo ilianza ulingoni, Jumamosi moja jioni, hapa hapa Arua.

Kila jioni baada ya masomo mimi huwafundisha ndondi vijana wachache. Miongoni mwao yumo kijana mmoja wa kidato cha tano, mwenyeji wa Koboko, mwenye umri wa miaka 18. Ni mrefu, mabega yake mapana, na uzito wake ni kilo 95. Mapambano yake matatu ya kwanza alishinda yote, wala hapana hata moja lililofika raundi ya mwisho. Alimwendea mwenzake kama fahali aendavyo kwenye ua wa miti, na ua ukaanguka. Watu wakaanza kumwita kwa jina la yule bondia mkubwa wa Koboko, naye akalipenda jina hilo. Mimi nililisikia nikanyamaza, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumamosi hiyo alikutanishwa na bondia aliyetoka Kampala, mfupi kuliko yeye, lakini mwenye miaka miwili zaidi ya mazoezi. Nitasema kwa ufupi. Kijana wetu alimwendea kama kawaida yake, akapiga hewa, na kabla hajarudisha mkono wake akapigwa kidevuni. Raundi ya kwanza aliangushwa mara mbili. Raundi ya pili alihesabiwa akiwa wima, macho yamemtoka, asijue kona yake iko wapi. Mimi nilikuwa na taulo mkononi. Nililishika tu, nikingoja muujiza, maana ukumbi wote ulikuwa unapiga kelele kwa jina la Koboko, nami nilikuwa na kiburi changu. Refa ndiye aliyekuwa na akili. Alilisimamisha pambano kabla kengele haijalia. Hilo la taulo lilikuwa kosa langu la pili.

Jumatatu kijana hakuja mazoezini, wala darasani hakuonekana. Jumatano nikapanda gari asubuhi nikaenda Koboko, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kupitia Maracha. Nilimkuta nyumbani kwao, upande unaoutazama mlima Liru, amekaa chini ya mwembe, na uvimbe wa jicho haujaisha. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti, kisha akaniambia kwamba ameacha ndondi na huenda akaacha na shule. Alisema amewaaibisha watu wa Koboko. Alisema bondia wa zamani wa Koboko alikuwa bingwa miaka tisa asipigwe na mtu, na yeye amepigwa mbele ya watu kama mtoto mdogo. Mwisho akaniambia jambo lililonitia hofu zaidi: yule kijana wa Kampala akija Arua tena, watamngoja njiani, yeye na rafiki zake.

Ndipo nilipomsimulia maisha ya Idi Amin tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa niliona kwamba alilijua jina tu. Nanyi wasomaji nawasimulia kama nilivyomsimulia yeye.

Idi Amin alizaliwa karibu na mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, na mama yake alikuwa Mlugbara. Wazazi walitengana naye akalelewa na mama. Elimu ya darasani alipata kidogo sana. Tusimcheke kwa hilo, maana siku zile serikali ya Kiingereza iliiona West Nile kuwa mahali pa kuchota watu, yaani vibarua wa mashamba ya miwa huko Buganda na Busoga, na askari wa jeshi. Shule zilikuwa chache. Kijana mrefu mwenye nguvu wa huku kwetu alikuwa na njia mbili tu za kupata fedha, panga au bunduki.

Mwaka 1946 Amin aliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Hakuanza na bunduki bali na sufuria, maana aliandikwa kuwa msaidizi wa mpishi. Lakini maafisa wa Kizungu hawakukawia kumwona. Urefu wake ulikuwa karibu sentimita 193, alikuwa mwepesi wa kukimbia, na kazi ngumu haikumchosha. Akaingizwa katika safu ya askari, akapelekwa Kenya, na miaka ya 1950 alikuwamo katika vita vya kupigana na Mau Mau. Jeshini lugha ilikuwa Kiswahili, na hicho ndicho Kiswahili alichokizungumza maisha yake yote.

Jeshi la siku zile lilipenda sana michezo. Askari aliyeshinda ulingoni alikiletea kikosi chake sifa, na jina lake lilifika mezani kwa maafisa. Amin alicheza raga, akaogelea, lakini ndondi ndizo zilizomjenga. Kuanzia mwaka 1951 mpaka mwaka 1960 alikuwa bingwa wa Uganda katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu kabisa. Kwa hiyo kijana wangu hakusema uongo. Miaka tisa ya ubingwa ilikuwako kweli. Nami sikumnyang'anya sifa hiyo. Mtu hawezi kukaa na ubingwa miaka tisa bila jasho, na jasho la mtu lina haki yake hata kama mwenyewe baadaye aliharibu.

Lakini nilimwomba kijana aangalie vizuri ubingwa huo ulikuwa wa namna gani. Ndani ya kamba zile nne Amin alikuwa na refa. Akipiga chini ya mkanda alionywa. Mwenzake akianguka, yeye alipaswa kwenda kona ya mbali na kungoja, wala hakuruhusiwa kumpiga mtu aliyelala. Kila baada ya dakika tatu kengele ililia, na kengele ikilia mkono hushuka, hata kama hasira bado imepanda. Ubingwa wake wote ulikaa juu ya sheria hizo. Ondoa sheria, na palepale bingwa si bingwa tena, bali ni mtu mkubwa anayewapiga watu.

Cheo chake kilipanda. Mwaka 1959 alipewa cheo cha Effendi, kikubwa kuliko vyote ambavyo askari Mwafrika wa Keya angeweza kupata wakati huo. Mwaka 1961 akawa Luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupata cheo cha uafisa. Kisha, mwaka 1962, kikosi chake kilipelekwa kaskazini kuzuia wizi wa ng'ombe kati ya Waturkana na majirani zao. Waturkana kadhaa waliuawa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba waliteswa kwanza. Jambo lile lilikuwa la kufikishwa mahakamani. Lakini Uganda ilikuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru, maafisa Waafrika walikuwa wawili tu, na wakubwa wakaona ni aibu kumshtaki mmoja wao. Amin hakushtakiwa.

Hapo nilisimama kidogo katika hadithi yangu. Nilimwambia kijana kwamba kwa maoni yangu siku ile ndiyo iliyomwamulia bondia wa Koboko mambo yake ya mbele, kuliko siku yoyote aliyoshinda ulingoni. Refa aliona rafu akageuza uso, na mtu akajifunza kwamba nje ya kamba hapana refa. Baada ya hapo hakuwahi kusahau somo hilo.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka 1964 Amin alikuwa naibu mkuu wa jeshi. Mwezi wa Mei 1966 Milton Obote alimtuma aishambulie kasri ya Kabaka huko Mengo, naye akaishambulia, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Mwaka huohuo akashika ukuu wa jeshi. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore mkutanoni, Amin aliipindua serikali. Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani, na hata huku kwetu ngoma zilipigwa. Mtoto wa West Nile, mkoa uliotupwa nyuma miaka yote, alikuwa ameketi kiti cha mbele. Ni nani asingefurahi?

Lakini mwaka uleule wa 1971 askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kwa mamia makambini, kwa kosa la kuzaliwa upande wa Obote. Mwezi wa Agosti 1972 Wahindi na Waasia wengine waliamriwa kuondoka nchini katika siku 90. Makumi ya maelfu wakaondoka, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu wasiojua kuviendesha, mpaka sukari na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa kwa siri. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Wanaokadiria waliouawa katika miaka ile minane hutaja hesabu kati ya 80,000 na 300,000.

Kijana wangu aliniuliza kama si kweli kwamba watu wa West Nile walineemeka. Nikamjibu kwamba wachache walipata magari na nyumba za wengine. Lakini mwaka 1974 Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikamatwa, na maiti yake ikaonekana mtoni. Mwaka huohuo Brigedia Charles Arube, Mkakwa, mtu wa huku huku, alikufa katika jaribio la kumpindua Amin. Mtu anayepigana bila refa haulizi kabila la anayempiga. Mwaka 1976 Amin alitangazwa kuwa Rais wa maisha. Nadhani mabondia watalielewa neno hilo upesi kuliko watu wengine: alikuwa amefuta kengele ya mwisho.

Sasa sikilizeni jinsi alivyopigwa yeye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Tanzania, yakaitwaa nchi ya Kagera hadi mtoni, yakaua watu na kuswaga ng'ombe. Mwalimu Nyerere akaamua kupigana. Wakati vita vinaendelea, Amin alitoa shauri kwamba yeye na Nyerere wayamalize mambo ulingoni, na Muhammad Ali awe refa. Dunia ilicheka, maana Nyerere alikuwa mwalimu mwembamba wa umri wa miaka 56. Mimi sicheki. Naona kwamba mtu yule, baada ya kuzivunja sheria zote, alipoona hatari alizikumbuka kamba na kengele na refa. Lakini alizikumbuka wakati umepita.

Vita vile vilikuwa vya upande mmoja. Watanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, walisonga mbele mji kwa mji. Mwezi wa Machi 1979 jeshi la Amin lilivunjika Lukaya, ingawa wanajeshi wa Libya walikuja kulisaidia. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa. Amin akakimbilia Libya, na baadaye Saudi Arabia. Vita vilivyoanzia Kagera, kusini kabisa, vilikwisha kaskazini, mapema mwezi wa Juni, Watanzania walipopita Arua na kufika mpaka wa Sudan. Yaani vilikwisha jirani na ule mwembe tuliokaa chini yake, mimi na kijana wangu.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo hasa lilinipeleka Koboko. Bondia akipigwa ulingoni, maumivu ni yake. Uvimbe ni wa jicho lake, na aibu ikiwapo ni yake, tena ni ya wiki mbili. Lakini Amin alipopigwa, yeye hakuwapo. Alikuwa ng'ambo ya bahari, akila na kulala, na makonde yake yakatuangukia sisi.

Mwezi wa Oktoba 1980 mabaki ya askari wake waliingia kutoka nje, wakaishika Koboko na Arua kwa muda, kisha wakarudi nyuma. Jeshi la serikali mpya likaja kulipiza kisasi kwa kila mwenye sura ya West Nile. Nyumba zilichomwa, maghala yalitiwa moto. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa mlemle walimodhani kuna salama. Watu kwa malaki walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan.

Mimi nilikuwa na miaka 12. Tulitembea usiku, mama amembeba mdogo wangu, nami nimebeba sufuria moja na kuku mmoja. Kuku yule alikufa njiani kwa kubanwa kwapani, na mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyoogopa kumwambia mama. Tulikaa upande wa Zaire, ambayo siku hizi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu miaka sita. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota sokoni Ariwara kwa kuuza mihogo. Mdogo wangu tulimzika huko. Tuliporudi mwaka 1986, mahali pa nyumba yetu palikuwa na majani marefu kuliko mimi.

Nilimwuliza kijana kaburi la babu yake liko wapi. Akajibu kwamba liko Sudan, njia ya kwenda Yei. Nikamwuliza kwa nini mzee wa Koboko, mwenye shamba lake chini ya Liru, alizikwa ugenini. Hakujibu. Alikaa kimya muda mrefu akilichora vumbi kwa kijiti. Nyumbani kwao walikuwa wamemwambia mahali, lakini hawakumwambia sababu. Wazee wetu wengi wako hivyo. Husimulia miaka tisa ya ubingwa na kuruka minane ya utawala.

Nikamalizia. Mwaka 1989 Amin alijaribu kurudi kupitia Kinshasa, akakamatwa na kurudishwa alikotoka. Alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko. Kaburi lake haliko Koboko wala Arua. Yeye pia alizikwa ugenini, sawa na babu wa kijana yule, tofauti ni kwamba babu hakuwa na kosa.

Baada ya hapo tukazungumza juu ya mambo yake mwenyewe, maana hakuna faida kumweleza mtu jinsi ya kuharibikiwa bila kumweleza jinsi ya kutengenekewa. Nilimpa habari za bondia mwingine, Joe Louis wa Marekani, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa Alabama mwaka 1914. Huyu naye alikuwa askari, katika vita kuu ya pili. Katika pambano lake la kwanza kabisa la ridhaa, mwaka 1932, aliangushwa mara saba. Akakaa kando kwa muda, akafanya kazi kiwandani, kisha akarudi. Mwaka 1936, akiwa na miaka 22, kila mtu akimwona kuwa hashindiki, alikutana na Mjerumani Max Schmeling, akapigwa vibaya mpaka akaangushwa asiinuke raundi ya 12. Watu weusi wa Marekani walilia barabarani. Wengi walisema habari yake imekwisha.

Je, Louis alifanya nini? Hakumngoja Schmeling njiani. Schmeling alikuwa ameona kosa moja, kwamba Louis akipiga mkono wa kushoto huushusha chini kabla ya kuurudisha, na shavu hubaki wazi. Louis na mwalimu wake Jack Blackburn walilirekebisha kosa hilo. Miezi miwili baadaye alimshinda Jack Sharkey. Mwaka uliofuata, 1937, akawa bingwa wa dunia. Tarehe 22 Juni 1938 alikutana tena na Schmeling, na pambano likaisha katika raundi ya kwanza, halikufika hata dakika tatu. Ubingwa aliushika karibu miaka 12 na kuutetea mara 25. Naye pia, uzeeni kwake, alipigwa. Mwaka 1951, mwaka uleule ubingwa wa Amin ulipoanza, Rocky Marciano alimwangusha. Alikubali, akatoka ulingoni. Na yule Schmeling alikuja kuwa rafiki yake, hata Louis alipokufa mwaka 1981 akasaidia gharama za mazishi.

Sikumwahidi kijana kwamba atakuwa Joe Louis. Mwalimu anayeahidi mambo kama hayo ni mwongo. Nilimweleza yale niliyoyaona kwa macho yangu. Umri wa miaka 18 kwa bondia wa uzito wa juu ni utoto, kwa kuwa watu wazito hukomaa polepole. Kupigwa kwake kulikuwa na sababu tatu, na zote zina dawa: mkono wa kulia haurudi kidevuni, miguu husimama sambamba kama ya mtu anayesubiri gari, na pumzi huisha kwa sababu hajawahi kuihitaji. Tena nilimwonya kwamba kanuni za ridhaa zinamkataza bondia aliyesimamishwa kwa makonde ya kichwa asipigane wala kufanya mazoezi ya kupigana kwa muda usiopungua siku 30, na kwamba lazima daktari amwone kwanza. Kichwa hakikui tena kama ukucha.

Kisha nikamwomba radhi kwa habari ya taulo. Nilimwambia kwamba nilipaswa kulitupa raundi ya kwanza, na kwamba nililishika kwa ajili ya jina la Koboko wala si kwa ajili yake. Nadhani hilo ndilo lililomgusa kuliko hadithi zote, maana aliinua uso akanitazama, na baada ya kitambo akaniuliza gari la kurudi Arua huondoka saa ngapi.

Mwezi mzima hakuvaa glavu. Aliruka kamba, akakimbia alfajiri barabara ya Koboko, akasoma vitabu vyake. Kisha tukaanza tena na mkono wa kulia, jioni baada ya jioni, upige na urudi, upige na urudi, mpaka wenzake wakachoka kututazama. Jina lile la zamani aliwakataza wasimwite tena. Aliwaambia kwamba yeye analo jina lake, alilopewa na babu yake.

Miezi minane baadaye yule bondia wa Kampala alikuja tena Arua. Hakuna aliyemngoja njiani. Walipigana raundi zote tatu, na kijana wetu akapigwa tena, lakini safari hii kwa pointi, tena chache. Raundi ya tatu alikuwa akimrudisha mwenzake nyuma wakati kengele ilipolia. Nilikuwa ukingoni, taulo begani, nami nilimtazama mkono wake. Ulikuwa umekwisha kuinuka kupiga. Ukasimama hewani, kisha ukashuka, naye akaenda kumkumbatia mwenzake.

Ndugu zangu wanafunzi, sijui kijana huyu atafika wapi. Lakini mtu akiniuliza tangu jioni ile kama anayo matumaini ya mbele, hujibu kwamba anayo, tena makubwa.

Mwanafunzi wa zamani, Arua